Tanga na Mombasa kwa pesa ya mwalimu: maswali yenu ya safari

Wiki iliyopita niliandika kwamba asiye na nauli ya ndege wala bajeti ya hoteli za ufukweni anaweza kuiona Tanga na Mombasa katika safari moja, akarudi nyumbani bila deni. Maswali yakamiminika. Nimechagua yale yanayowahusu wengi, na mengine nimeyafupisha.

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu, nakaa Mbagala. Likizo hii nina siku tano na mke wangu. Tuanzie Tanga au Mombasa?

Marahaba mwanangu. Anzeni Mombasa. Basi la Dar kwenda Mombasa hupitia Tanga, na najua mtashawishika kushuka. Msishuke. Safari nzima inapita kilomita 500 na italamba siku yenu ya kwanza yote, mpende msipende, basi afadhali uchovu huo muumalize mkiwa na hamu bado. Laleni Mombasa usiku tatu. Siku ya nne asubuhi vukeni mpaka, mchana muwe Tanga. Siku ya tano zungukeni hadi saa sita, kisha pandeni basi la kurudi Dar.

Sababu nyingine ni ya pesa. Chumba, chai, hata maji ya chupa, Mombasa ni ghali kuliko Tanga. Mji ghali ukiutembelea kwanza, pochi ikiwa imeshiba, unajua mapema umebakiwa na nini. Mkikauka, mkaukie Tanga, ambako sahani ya wali na samaki kwa mama ntilie haijawahi kumfukuza mtu.

Na msiongeze mji wa tatu. Kila barua niliyopata ina mtu anayetaka "kupitia na Zanzibar kidogo". Kinachokula pesa katika safari za aina hii ni nauli na vitanda. Viingilio ni kitu kidogo.

Habari dada. Niko Nakuru. Niliingia Uganda kwa kitambulisho tu. Mpaka wa Horohoro kuingia Tanzania pia nitapita nacho?

Hapana. Mpango wa kitambulisho ni wa Kenya, Uganda na Rwanda, na Tanzania haimo. Chukua pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria kutoka uhamiaji kabla hujaondoka. Viza hulipi, wewe ni raia wa Afrika Mashariki. Mtoto naye awe na hati yake.

Beba pia kadi ya njano. Maafisa wa afya mpakani huiuliza, na chanjo ya homa ya manjano huhesabika baada ya siku kumi tangu kuchomwa, kwa hiyo ya kuchomwa jana haitakusaidia. Kama ulichanjwa zamani, usikubali kuambiwa imekwisha muda: tangu 2016 kanuni za kimataifa zinaitambua dozi moja kwa maisha yote.

Kwa kuwa unatoka bara, treni ya SGR kutoka Nairobi daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Inakushusha Miritini, nje ya kisiwa, kwa hiyo tenga na nauli ya matatu ya kuingia mjini.

Basi la moja kwa moja au niunganishe mwenyewe Mombasa hadi Tanga?

Mwenye mizigo na watoto, basi la moja kwa moja. Ofisi nyingi ziko Mwembe Tayari na maeneo ya jirani. Kata tiketi siku moja kabla, dirishani, na usimpe pesa mpiga debe barabarani hata akikuita shemeji.

Mwenye begi moja la mgongoni aunganishe. Unavuka Likoni kwa feri, ambayo mwenda kwa miguu halipi hata senti, unapanda matatu ya Lunga Lunga, mpakani upande wa Kenya (mara nyingine utabadilisha Ukunda), unagonga mihuri, kisha upande wa Tanzania unapanda daladala kwa kilomita kama 65 za lami hadi Tanga. Utachoka zaidi, utaokoa kiasi, na utaiona Kwale yote dirishani, minazi na mikorosho. Sharti ni moja: uwe mpakani kabla ya adhuhuri. Jua likishazama kule, kila mwenye pikipiki anakupangia bei anayoitaka.

Fort Jesus ina thamani ya kiingilio, au nipige picha nje niondoke?

Ingia. Mimi si mtu wa kusifia kila jengo lenye kibao, lakini hili ndilo la kulipia hata kama mengine yote utayatazama bure. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaizingira kuanzia 1696 na hawakuitia mkononi hadi 1698. Waingereza nao wakaigeuza jela hadi 1958. Ndani tafuta michoro ya meli iliyochorwa ukutani na Wareno, Nyumba ya Waomani, na vitu vilivyoopolewa kutoka meli Santo António de Tanna, iliyozama hapo mbele mwaka 1697, katikati ya mzingiro huohuo. Nenda mlango unapofunguliwa. Kufikia saa tano mawe yale yanachoma. Bei ya raia na ya mgeni ni mbali kabisa, kwa hiyo beba kitambulisho au pasipoti, na malipo hupitia eCitizen, mfumo wa serikali ya Kenya wa mtandaoni, kwa hiyo andaa simu au kadi mapema.

Ukitoka, umeshalipa ya kutosha. Vingine ni miguu yako. Shika Ndia Kuu, uangalie milango ya nakshi na roshani za mbao, uufikie Msikiti wa Mandhry unaosemekana kuwa wa 1570, ushuke hadi bandari ya zamani ya majahazi. Vaa kwa staha, huu ni mtaa wa watu wanaoishi, na omba ruhusa kabla hujampiga mtu picha. Atakuja kijana kujitolea kukuongoza. Ukimtaka, patana bei kabla ya hatua ya kwanza. Humtaki, mwambie "shukrani, naenda kwa jamaa" na uendelee. Malizia Marikiti ukanunue viungo kwa kipimo, maana vile vya pakiti za watalii ni vilevile kwa bei nyingine.

Jioni nenda Mama Ngina, ukae chini ya mibuyu uangalie meli zikiingia Kilindini. Mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, dafu moja, basi. Jumapili Mombasa nzima iko pale na watoto wake, na hakuna kiingilio. Sanamu za pembe za ndovu za Barabara ya Moi ni picha ya dakika tano. Pitia ukiwa unaenda kwingine.

Mama, niambie ukweli: Tanga kuna nini? Watu wananicheka nikisema naenda kutalii Tanga.

Wanaocheka walipita na basi. Tanga haikukimbilii, ni lazima uifuate, na hapo ndipo inapowashinda wengi.

Anza na mji wenyewe. Kodi baiskeli, maana ardhi ni tambarare na Tanga ni mji wa baiskeli. Ngamiani mitaa ina namba badala ya majina: Barabara ya Kwanza, ya Pili, na kuendelea, hata mgeni hapotei. Upande wa bahari kuna majengo ya Wajerumani. Makumbusho ya Urithi yamo katika Boma ya zamani, na ukitoka hapo kaa Jamhuri Gardens utazame bandari na kisiwa cha Toten. Mtu wa Mombasa akikuletea majivuno ya reli, mwambie ya Tanga ilianza kujengwa 1893, na yao 1896. Kisha kuna vita vya Novemba 1914, Waingereza walipoleta jeshi kubwa kutoka India likatimuliwa na kikosi kidogo cha Wajerumani na askari wao Waafrika, nyuki nao wakachangia kwa kuwashambulia wapiganaji. Wenyeji bado wanacheka wakisimulia, ingawa waliokufa walikuwa wengi.

Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kutoka mjini, kwenye barabara hiyohiyo ya Horohoro. Ni mawe ya chokaa yaliyochimbwa na maji kwa mamilioni ya miaka, na ni sehemu moja tu inayofunguliwa kwa wageni. Huingii bila mwongozaji, na usijaribu. Viatu vya kufunika, siyo ndala. Tochi yako mwenyewe ni bora kuliko ya simu. Utaona watu wameacha sadaka za mizimu. Pita kwa adabu, hujui wameomba nini.

Siku ya pili, kama unayo, shika njia ya Pangani. Kwanza Machui, upande wa Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Hakuna jumba la kifahari pale, na kwa mtu ambaye kila aliyesoma Kiswahili shuleni amemsoma, nadhani tumefanya uchoyo. Mbele zaidi, kama kilomita 20 kutoka Tanga, kuna magofu ya Tongoni: msikiti na makaburi yapatayo 40, mengine ya nguzo, ya karne ya 14 na 15. Jirani na hapo ndipo Vasco da Gama alipoichoma meli yake moja, São Rafael, Januari 1499, kwa kukosa mabaharia wa kutosha wa kuirudisha Ureno. Mwaka uliotangulia Mombasa ilimpokea kwa uhasama. Ukiyasoma magofu haya baada ya Fort Jesus, yanasema zaidi kuliko ukiyaona peke yake. Daladala za Pangani zinapita, mwambie konda "Tongoni, magofu", na muulize la mwisho la kurudi hupita saa ngapi.

Mimi ni msichana, nasafiri peke yangu. Nilale wapi bila kulipa pesa nyingi?

Lala katikati. Chumba cha rahisi kilicho mbali utakilipia mara ya pili kwa bodaboda za usiku. Mombasa tafuta ndani ya kisiwa, mahali unapoweza kwenda Mji wa Kale kwa miguu. Mwembe Tayari ni bei ya chini lakini kelele za mabasi zinaanza kabla ya adhana. Tanga tafuta gesti kati ya Ngamiani na bahari.

Fika mchana. Omba uone chumba kabla ya kulipa, na uangalie hivi: komeo la ndani linafunga? Feni inazunguka? Chandarua kina matundu? Maji yanatoka sasa hivi, siyo "yatakuja"? Uliza geti linafungwa saa ngapi na kama chai ya asubuhi imo kwenye bei. Mhudumu akikukasirikia kwa maswali hayo, amekusaidia kuamua. Namba ya chumba usimtajie mtu yeyote mliyekutana njiani, hata awe mkarimu namna gani.

Tule nini bila kuumia mfukoni?

Kuleni wanachokula watu wa pale kwa saa wanazokula. Mombasa asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, jioni viazi karai na mishikaki ya barabarani. Biriani iwe mchana, Ijumaa ikiwezekana, na sahani moja wawili wanashiba. Tanga ni wali wa nazi, samaki wa kukaanga, na usiondoke bila maziwa mtindi. Mkienda Ramadhani, mchana vibanda vingi vimefungwa, lakini baada ya futari mtaa mzima unakuwa meza.

Pesa nibadilishie wapi?

Mjini, benki au duka la kubadilishia fedha lenye leseni. Mpakani badilisha ya nauli tu, na uhesabu noti mwenyewe kabla hujatoa zako. Kwa hesabu ya haraka, shilingi ya Kenya ichukulie kama 20 za Tanzania: elfu moja ya Tanzania ni kama hamsini ya Kenya. Wakenya wanaogopa wakisikia "elfu tatu" ya bajaji, na Watanzania wanafurahi bure wakisikia "mia tatu" ya tuktuk.

Mwezi gani?

Juni hadi Oktoba, kusi likivuma na joto limepungua. Aprili na Mei masika itakufungia ndani, na njia ya Amboni inateleza. Desemba Mombasa inajaa watu wa bara na vyumba vinapanda. Tanga Desemba haishtuki.

Rambo ya nguo chafu kwenye begi ina tatizo?

Ndiyo, iache nyumbani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Tumia mfuko wa kitambaa.

Nikipata siku moja ya ziada, Diani au Pangani?

Diani ina mchanga mzuri kweli, lakini imejaa hoteli, na mwenye pochi ndogo huishia kuiangalia kwa nje. Mimi naenda Pangani. Kuna mto unaoingia baharini, majumba ya zamani ya Waarabu, boma la Wajerumani, na habari za Abushiri aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani hao kuanzia 1888 na kunyongwa hapohapo Desemba 1889. Kuvuka mto kwa kivuko hadi Bweni ni pesa kidogo. Ondoka Tanga na daladala ya alfajiri, ukishuka Tongoni njiani kama nilivyosema, na uwe kituoni Pangani saa tisa, maana wenye magari hawasubiri mtalii.