Jibu: Bastola ya mtutu mrefu kwenye sanduku la marehemu babu

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Umeuliza bastola uliyoikuta sandukuni ni ya aina gani, maana haina jina la kiwanda, mtutu wake una pembe nane na tundu lake ni dogo sana.

Kwanza waite polisi waje hapo nyumbani, usiibebe barabarani. Uzee wake hauiondoi kwenye sheria, na marehemu huenda aliiacha na risasi ndani.

Ikishakaguliwa, itazame nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi. Mimi naona ni bastola ya aina ya Flobert, au mwigo wake. Louis-Nicolas Flobert, Mfaransa, ndiye aliyebuni risasi zake ndogo mwaka 1845: hazina baruti, zina fataki tu, yaani kilipuzi cha kuwashia, ndani ya ukingo wa kitako cha risasi. Wazungu walikuwa wakilengea shabaha ndani ya nyumba, sebuleni kabisa. Kama uso wa nyundo ndio unaoziba nyuma ya mtutu, na una kijino kinachogonga ukingoni badala ya katikati, shaka imepungua sana.

Halafu tafuta alama kwenye mtutu. Umbo la yai lenye herufi ELG ni muhuri wa ukaguzi wa Liège, Ubelgiji; likiwa na taji juu, ni wa 1893 au baada yake.

Tafadhali usiguse msasa! Nimeona vitu vya thamani Mji Mkongwe vikisuguliwa mpaka alama zikafutika, na roho inaniuma hadi leo. Kutu ya hewa yetu ya chumvi, ipake mafuta ya cherehani kidogo kwa kitambaa.