Ginola alikuwa nywele tu?

Aliyeuliza kama mwanasoka Mfaransa David Ginola alikuwa maarufu kwa nywele na matangazo ya shampuu tu: hapana, kaka, jamaa alikuwa fundi. Newcastle walimtoa PSG mwaka 1995, akawa winga wa kushoto kwenye kile kikosi cha kocha Kevin Keegan kilichoongoza Ligi Kuu ya England kwa pointi 12 kisha kikaukosa ubingwa. Mwaka 1997 akaenda Tottenham, na hapo ndipo utamu wenyewe ulipo. Msimu wa 1998/99 Manchester United walibeba makombe matatu, lakini tuzo ya mchezaji bora, ya wachezaji wenzake na ya waandishi pia, akachukua yeye. Na Spurs (ndio hao Tottenham) walimaliza wa 11!

Tafuta goli lake la Kombe la FA dhidi ya Barnsley mwaka huo. Anachukua mpira kushoto, anaingia ndani, mabeki wanapishana kama wamepotezana sokoni, halafu anaumalizia kiulaini. Kocha alikuwa George Graham, mtu wa ulinzi kwanza, na mara nyingi alimtoa kabla ya dakika 90. Aston Villa na Everton alikoenda baadaye? Mwili ulishachoka.