Bangili ya mfupa wa ng'ombe imefutwa, ya mwenzangu imebaki: sheria ni ipi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Ngarenaro, Arusha. Nina duka kwenye masoko mawili ya mtandaoni ya nje. Nauza bangili na hereni za mfupa na pembe ya ng'ombe, vinyago vya mpingo na ngao ndogo za ngozi ya mbuzi. Mwezi uliopita soko la kwanza lilifuta bangili zangu, wakasema ni bidhaa ya wanyama walio hatarini kutoweka. Nikaziweka tena, zikakaa wiki mbili, zikafutwa, na safari hii nikapewa onyo kuwa akaunti itafungwa. Soko la pili halijagusa bangili hizo hizo, ila limekataa kinyago cha mpingo, wakati kule kwa kwanza vinyago vinatoka kila wiki. Na mwenzangu wa Soko la Maasai anauza bangili zile zile, za fundi yule yule, kwenye soko lile lile, hajaguswa. Kuna mtu kanishauri nifute neno mfupa niandike "pambo la asili la Kiafrika" tu. Je, ni sawa? Pia nina mteja wa Ujerumani anataka kinyago kimoja cha kilo 14, na nimeanza kuogopa. Nimekuambatanishia matangazo yangu na la mwenzangu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na huo ushauri uliopewa, kwa sababu ni wa hatari kuliko maonyo yote uliyopata. Usifute neno mfupa. Ukiandika "pambo la asili" bila kusema limetengenezwa kwa kitu gani, umejinyang'anya utetezi wako mwenyewe. Siku kifurushi kikifunguliwa forodha, karatasi itasema hivi na kilichomo kitasema vile, na hapo hakuna atakayekusikiliza. Mimi ni wakala wa forodha hapa Arusha, na mizigo midogo niliyoiona ikikwama kwa sababu ya maelezo ya kufichaficha ni mingi kuliko iliyokwama kwa sababu bidhaa yenyewe ni haramu.

Unauliza sheria ni ipi, kana kwamba ipo moja. Kwanza kuna sheria za nchi, yaani ya Tanzania unakotoa na ya kule mzigo unakoingia. Kuna sera ya soko, ambayo ni masharti ya mwenye nyumba kwa mpangaji wake: anaweza kukukataza kitu ambacho serikali haikatazi, na nyumba ni yake. Halafu kuna mashine, ile programu inayopitia matangazo kutafuta maneno na picha za kutilia shaka. Sheria inaangalia kitu chenyewe, ni mnyama gani, mti gani, kina uzito gani. Mashine haijawahi kuishika bangili yako, inajua maneno uliyoandika na picha ulizopiga, basi. Kabla hujabishana na mtu yeyote, jua kwanza ni nani kati ya hao amekuzuia.

Nimeyasoma matangazo. Wewe na mwenzako wote mmeandika kwa Kiingereza "bone", sawa. Ila kwenye sehemu ya rangi wewe umeandika "ivory", ukimaanisha weupe wa maziwa. Mwenzako kaandika "cream". Kwa Mwingereza "ivory" ni rangi ya ukuta na ya gauni la harusi, lakini kabla ya rangi ni pembe ya ndovu. Nimelinganisha matangazo yenu mstari kwa mstari na sioni tofauti nyingine yenye uzito.

Usiichukie mashine kwa hilo. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilifungwa kwa uamuzi wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989, na Tanzania yetu ilikuwa miongoni mwa waliopeleka pendekezo. eBay iliziondoa katika masoko yake kuanzia Januari 2009, Etsy nayo haizikubali, na mwaka 2018 kampuni kadhaa za mtandaoni ziliungana na mashirika ya kulinda wanyamapori ya WWF, TRAFFIC na IFAW kuwabana wanaouza nyara kwenye intaneti. Walanguzi walipobanwa hawakuacha kuuza, walibadilisha maneno. Wakaanza kuandika "mfupa wa ng'ombe" au "mfupa wa maksai" juu ya picha ya pembe ya ndovu. Yaani neno lako la kweli, la halali kabisa, wezi wamelivaa kama koti. Ndiyo maana mfupa wa ng'ombe unatazamwa kwa jicho la pili, na mfupa wa ng'ombe wenye neno "ivory" pembeni yake unaondoka hata kabla binadamu hajautazama.

Kiswahili chetu nacho kina mtego wake. Sisi tunasema pembe kwa ya ng'ombe, ya swala na ya ndovu. Kama unaandika maelezo kwa Kiswahili na soko linayatafsiri lenyewe, usiache neno pembe likasimama peke yake hata mara moja. Andika "pembe ya ng'ombe wa kufugwa" kila inapotokea, hata kama inachosha kusoma.

Dawa ya kudumu ni picha, na hili nataka ulifanye wiki hii. Mfupa una vijitundu vidogo sana ambamo mishipa ya damu ilipita. Ukiukata na kuusugua vizuri, vijitundu hivyo huonekana kama vidoti au vistari vyeusi, na ukitumia lenzi ya kukuza ya fundi saa vinaonekana waziwazi. Pembe ya ndovu haina vidoti hivyo. Ukiikata kwa upana ina mistari iliyopinda na kukatizana, kama wavu, ambayo wataalamu huiita mistari ya Schreger. Kwa hiyo kwa kila aina ya bangili piga picha moja ya karibu kabisa, upande wa ndani ambao fundi hajaung'arisha sana, mchana penye mwanga wa jua usio mkali. Iweke ya pili baada ya picha ya mbele. Mkaguzi anayejua kazi yake akiiona ile picha hahitaji maelezo. Na fundi wako akuandikie risiti inayosema mifupa ameichukua machinjio gani na tarehe gani. Wengi wa mafundi wetu hawana desturi ya risiti, najua, lakini kitabu cha risiti cha duka la vifaa vya ofisi kinatosha.

Kosa lako la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoleta onyo, ni kuiweka upya bidhaa iliyofutwa bila kubadilisha kitu wala kukata rufaa. Wewe uliona unajaribu bahati. Soko linaona mtu aliyeambiwa hapana akarudi kwa mlango wa nyuma. Sasa hivi usiiweke tena. Andika rufaa moja, fupi: bidhaa ni mfupa wa ng'ombe wa kufugwa, jina la kisayansi Bos taurus kwa ng'ombe wa kizungu au Bos indicus kwa hawa wetu wenye nundu, umetoka machinjio fulani, neno la rangi lilikuwa kosa langu na nimelibadilisha, picha ya karibu na risiti hizi hapa. Omba tangazo likaguliwe na mtu. Kisha subiri. Usipeleke rufaa tano kwa siku tatu.

Na mwenzako usimtaje. Nimeona vijana wakiandika kwenye rufaa "mbona fulani anauza", wakidhani wanajenga hoja. Jibu la kawaida ni kwamba la fulani nalo hufutwa, la kwako halirudi, na kesho mnakutana sokoni hamtazamani.

Ngozi nitaigusa kidogo tu. Ngao na ngoma za ngozi mbichi, yaani isiyopikwa kiwandani, nchi nyingi huziogopa kwa sababu ya magonjwa, na si woga wa bure. Mwaka 2006 mtengenezaji wa ngoma huko New York aliugua kimeta kilichotokana na ngozi mbichi kutoka Afrika, na kimeta sisi wa kanda hii tunakijua. Australia na New Zealand ni wakali zaidi, kwa ngozi na hata kwa mbao zenye gome au matundu ya wadudu. Ingia kwenye mpangilio wa usafirishaji wa duka lako uondoe nchi hizo kwa ngao. Ni dakika tano, na inakuepusha na mteja anayedai pesa zake kwa sababu mzigo wake umechomwa moto bandarini.

Kuna upande ambao hukuuliza, na ndio unaonikosesha usingizi. Katika tangazo lako la hereni nimeona picha mbili zenye miiba ya nungunungu na manyoya ya mbuni. Masoko yote mawili yameziacha, nawe umeona kimya chao ni ruhusa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inaita nyara kila sehemu ya mnyamapori: jino, mfupa, kucha, ngozi, nywele, unyoya, yai. Haijalishi nungunungu alijifia shambani Monduli au mwiba uliokotwa njiani. Bila leseni na kibali vinavyotolewa chini ya sheria hiyo, ukikutwa navyo ni kesi ya nyara za Serikali, na sote tumesoma magazetini watu wakihukumiwa miaka 20 kwa makosa ya aina hiyo. Vivyo hivyo jino la ngiri, na mfupa wa twiga ndio usiuguse kabisa. Twiga aliingizwa katika Kiambatisho cha II cha CITES, yaani orodha ya viumbe wanaouzwa nje kwa vibali, mwaka 2019, na hapa kwetu ni mnyama wa Taifa. Kampuni iliyo ng'ambo haikujui wewe wala sheria yetu, haiwezi kukulinda mbele ya hakimu wa Sekei hapa Arusha. Toa picha hizo leo, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Kama bado unazo hereni zenyewe, usizipeleke kokote wala usimuuzie mtu, nenda ofisi ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, uulize zikabidhiwe vipi.

Sasa mpingo. Hapa soko la pili halijakosea sana, na la kwanza halijakosea pia. Mpingo, Dalbergia melanoxylon kwa jina la kitaalamu, uko katika Kiambatisho cha II cha CITES pamoja na jamii yake yote ya Dalbergia tangu Januari 2017. Kiambatisho cha II hakikatazi kuuza, kinataka vibali. Mwanzoni hilo lilitesa hata mafundi wa klarineti na zumari za Ulaya, ambazo kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwa mpingo huu huu wetu. Mkutano wa CITES wa Geneva, Agosti 2019, ukalegeza: ala za muziki zilizokamilika zikaachiwa, na bidhaa nyingine zilizokamilika zikaachiwa mradi mbao ya jamii hiyo isizidi kilo 10 kwa shehena. Kwa hiyo soko moja linaweza kusoma "imo kwenye orodha" likafunga mlango, lingine likasoma "chini ya kilo 10 inapita" likaufungua. Wote wamesoma karatasi moja.

Wewe umeongeza utata kwa kuuita "ebony". Wachongaji wetu wote huita hivyo, lakini ebony ya kweli ni mti wa jamii ya Diospyros, na ile ya Madagascar ina masharti yake katika CITES. Andika African blackwood, mpingo, na Dalbergia melanoxylon, vyote vitatu, pamoja na uzito wa kila kinyago kwa gramu. Kwa wateja wa Marekani jina la kisayansi la mti na nchi ulikovunwa si hiari: sheria yao ya Lacey, iliyopanuliwa mwaka 2008 kuingiza mimea na mbao, huyadai kwa bidhaa nyingi za mbao. Tena tangu tarehe 29 Agosti 2025 Marekani iliposimamisha msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800, usitegemee tena kwamba udogo wa kifurushi utakipitisha bila kuulizwa.

Kilo 10 hizo ni za shehena nzima. Vinyago viwili vya kilo sita sita katika boksi moja vimeshavuka. Na boksi lenyewe kama ni la mbao ghafi lazima liwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya vifungashio vya mbao, maana yake mbao imepashwa joto mpaka nyuzi 56 katikati yake kwa dakika 30. Kwa hilo na kwa cheti cha afya ya mimea, waone TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, pale Ngaramtoni, wale tuliozoea kuwaita TPRI.

Kinyago cha Mjerumani, kilo 14, hakiingii kwenye msamaha. Kinahitaji kibali cha CITES cha kutoka Tanzania, na kwa kuwa kinaingia Umoja wa Ulaya, mteja wako naye anahitaji kibali cha kuingiza kutoka mamlaka ya Ujerumani, BfN ya Bonn, kikiwa mkononi kabla mzigo haujafika. Mwandikie leo umweleze, asije akadhani unamzungusha. Wewe nenda TFS, wakala wa misitu, na karatasi za mbao: ilinunuliwa kwa nani, ilivunwa wapi, stakabadhi ya ushuru wake ipo au haipo. Kama mchongaji hana hata moja, mrudishie Mjerumani malipo ya awali na umwonyeshe vinyago vya kilo mbili tatu ambavyo karatasi zake unazo.