Ule mlio wa ilimba ya mzee Hukwe

Mbukwa mwanangu,

Meseji yako nimeiona, unasema umehangaika na hiyo kompyuta ya studio unatafuta ule mlio wa kuvuma kwenye ilimba, ile ala yetu Wagogo ya sanduku na vyuma vya kupiga kwa vidole gumba, aliyokuwa anapiga mzee Hukwe Zawose, ule wa kwenye albamu yake ya Chibite, na unaniuliza alikuwa anafunga mashine gani. Hakufunga mashine yoyote, ile ni kazi ya buibui.

Nakwambia nilichokiona mwenyewe, maana sisi kina mama wa muheme, zile ngoma za wanawake wa Kigogo, tulikuwa tunapangwa naye akija huku Dodoma kwenye sherehe, na nyuma ya jukwaa hakuna cha chumba cha staa, wote mnabanana nyuma ya turubai moja. Sisi tunaziota ngoma motoni ngozi ikaze, yeye kakaa pembeni na ile ilimba yake kubwa mapajani, vyuma vingi mpaka unashangaa anavikumbukaje. Anagusa kimoja kimoja, kikilia juu sana anakivuta nje kidogo kiwe kirefu, kikilia chini anakirudisha ndani. Hana haraka kabisa, MC aite asiite. Halafu anakagua vitundu vya kwenye sanduku, pale panabandikwa kwa nta ule utando mweupe ambao buibui anafunikia mayai yake ukutani, ukipiga chuma hewa ya ndani inautikisa ndio unasikia ile zzzz. Utando ukichanika ilimba inapooza, inalia kama debe.

Watu wanamsifia sauti, na kweli ile sauti haijapata mwenzake, mzaliwa wa Doduma hapa hapa kwetu, Mwalimu Nyerere akamwita Dar, mpaka 2002 akafika Marekani kwenye ziara ya yule mwanamuziki wa Uingereza, Peter Gabriel. Lakini mimi nikimkumbuka marehemu namkumbuka pale chini anasikiliza vyuma, na naumia nikiona vijana wanapanda stejini na ilimba hata hawajaigusa.

Kwahiyo hiyo kompyuta iache kwanza. Mwezi wa 7 panda treni ya SGR uje Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, wapigaji utawakuta wengi tu na wazee wa kutengeneza wapo. Njoo na maiki mbili, moja uiweke kwenye vyuma nyingine usawa wa kitundu. Utando nitakutafutia mimi, kwa bibi yako stoo upo, nimeshamwambia asifagie ule ukuta.

Mama yako