Panya wamepona, mbona mzee wangu bado?

Ndugu wa Mbale, pole sana kwa mzee. Umeuliza kwa nini redio inatangaza kila mara kwamba panya wenye Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, wamepona, ilhali baba yako ameandikiwa vidonge vya presha tu. Najibu kama mtu aliyetunza panya wa maabara hapa Kampala, na ambaye sasa anamuuguza mama yake mkubwa mwenye ugonjwa huohuo.

Panya haugui Alzheimer. Akizeeka, amezeeka tu. Wanasayansi humpandikizia jeni ya binadamu yenye hitilafu, ile ya familia chache zinazorithi ugonjwa huu, ambazo hazifikii hata mgonjwa mmoja kati ya mia. Ubongo wake hujaa mabonge ya protini iitwayo amiloidi, ila seli zake kwa kawaida hazifi kwa wingi kama zetu. Dawa ikiyafuta mabonge hayo, kilichoondoka ni kile tulichomtia sisi wenyewe.

Halafu angalia maisha yao. Panya wetu walikuwa wa ukoo mmoja, umri mmoja, chakula kimoja, hata taa tuliziwasha na kuzizima kwa saa maalumu. Mama mkubwa ana presha, ana sukari, ameugua malaria tangu utotoni. Na panya mara nyingi hupewa dawa mapema. Kwa binadamu amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 au zaidi kabla ya dalili. Mama mkubwa alipoanza kupotea njia ya sokoni, uharibifu ulikuwa wa zamani.

Chanjo ya AN-1792 ilisafisha ubongo wa panya mwaka 1999. Mwaka 2002 majaribio yake kwa watu yalisimamishwa, kwa kuwa takriban 6 kati ya kila 100 waliochanjwa walivimba ubongo na utando wake. Dawa ya kumeza ya semagacestat ilisimamishwa 2010: waliomeza walizidi kudhoofika akili. Dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani 2023, ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 katika miezi 18. Ni hatua ya kweli, naiheshimu, lakini hairudishi kumbukumbu. Huanza na dripu kila wiki mbili na picha za ubongo za MRI za mara kwa mara, maana ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Nani Mbale atamudu hayo? Tena kati ya waliojaribiwa, watu wenye asili ya Afrika walikuwa wachache mno, wakati utafiti wa Ibadan, Nigeria, ulionyesha jeni ya APOE4, inayoongeza hatari ya ugonjwa huu, haiwaathiri Wayoruba kwa nguvu ileile kama Wamarekani.

Kwa hiyo nakusihi usinunue chupa za "kurudisha akili" zinazouzwa kwa habari za panya. Vidonge vya presha asiviache, vinaulinda ubongo pia. Kwenye hospitali ya rufaa omba apimwe tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, VVU na masikio, na daktari aangalie kama ana sonona. Hayo yanatibika, na yanaweza kufanana kabisa na ugonjwa huu. Beba na dawa zote anazomeza, hata za usingizi na za mafua, kwani baadhi yake huzidisha usahaulifu. Ukipata majibu yaandike hapa, tutayasoma pamoja.