Kwa Wamisionari Wapya Mnaoona Kupanga Juma ni Kupoteza Muda

Juma lililopita wawili kati yenu walimaliza kikao cha kupanga juma kwa robo saa, wakazima simu, kisha wakaniarifu kwa furaha kwamba sasa wana muda wa kutosha wa kufundisha. Nilikosa la kuwajibu kwa sababu kicheko na hasira vilinijia pamoja. Nawapenda sana, na ndiyo maana naandika, kwa kuwa eneo tunalotumikia kama wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho limejaa majina ya watu ambao hakuna ajuaye walifundishwa nini mara ya mwisho wala waliahidiwa nini.

1. Siku ya matayarisho, ile moja ya juma mnayopewa kwa shughuli zenu binafsi, ianze na kufua nguo na kununua chakula, kisha mpira. Mkianza na mpira, Jumapili mtaonekana kwenye mkutano wa sakramenti na mashati yenye kola za kijivu. Kuhusu simu ya nyumbani, kumbukeni kwamba hadi Februari 2019 wamisionari walizungumza na wazazi wao kwa simu wakati wa Krismasi na Siku ya Mama tu, na majuma mengine yote yakawa ya kuandika. Nyinyi mmepewa simu kila juma, lakini baadhi yenu mnaitumia yote kumlalamikia mwenza, yaani mmisionari mliyepangwa kutumikia naye, ambaye, kwa kanuni mnazozijua, hatakiwi kuwa mbali na macho na masikio yenu, kwa hiyo anasikia kila neno.

2. Lugha hujifunzwa kwa kusema. Ombeni kutoa sala ya kufungua somo, hata kama mtachanganya ngeli.

3. Yaandikeni mnayoahidi. Hapa naomba uvumilivu wenu.

Katika mojawapo ya maeneo yangu ya mwanzo tulimfundisha mama mmoja mjane, mwenye maswali mazuri kuliko majibu yangu. Alikwisha kuhudhuria sakramenti, alikwisha kukubali tarehe ya ubatizo, na kilichobaki kilikuwa usaili wa kiongozi wa wilaya, yaani mmisionari anayesimamia kikundi kidogo cha wenzake. Jioni moja, tukiwa tumekwisha kusimama ili tuondoke, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba utotoni alinusurika kuzama na kwamba tangu hapo hajawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Aliomba kabla ya siku yenyewe apelekwe akakione kisima cha ubatizo, lile birika tunalobatizia kwa kumzamisha mtu mwili mzima, kikiwa kitupu, ashuke ngazi zake polepole, akiwa na dada mmoja wa tawi, kusanyiko letu dogo la pale, ambaye alimwamini. Nikamwahidi. Mwenza wangu alikuwa bado mgeni wa lugha na aliambulia nusu tu ya mazungumzo, nami sikujishughulisha kumfafanulia tulipokuwa njiani, kwa kuwa niliona mambo yote yamo kichwani mwangu. Tulipopanga juma lile nilikuwa na haraka, kama mlivyokuwa nyinyi, nikaandika jina lake na tarehe yake, basi.

Uhamisho ukatangazwa. Nikaondoka, mwenza wangu akabaki na mmisionari mwingine, naye mama yule akaendelea kuisubiri ahadi ambayo hakuna aliyeijua isipokuwa mimi niliyekuwa mbali, nikiendelea na watu wengine. Hakuwakumbusha, kwa sababu alidhani nimewaambia na kwamba wameona hofu yake ni ya kitoto. Siku ya ubatizo alikikuta kisima kimejaa maji, ndugu wamekaa, wimbo umeanza. Akasimama ukingoni kwa muda mrefu, akaomba radhi, akarudi nyumbani, na hakufungua mlango tena. Mwenza wangu aliniandikia akiuliza ni kitu gani alichokosea yeye. Kumjibu barua ile kulikuwa kugumu kuliko kazi yoyote niliyoifanya katika utumishi huu, na sina hakika hadi leo kwamba aliamini kosa halikuwa lake.

Kwa hiyo mnapokutana na swali kuhusu rafiki mnayemfundisha, msiniandikie viashiria tu, yaani hesabu za waliohudhuria na waliopanga tarehe ya ubatizo. Andikeni anaogopa nini, nani katika tawi anamfahamu, na mlimwambia mtarudi lini kufanya nini, tena andikeni siku hiyo hiyo, maana uhamisho huja kila baada ya majuma sita na haumsubiri mtu akumbuke.

4. Tathmini ya wenza mwishoni mwa kikao msiiruke. Neno dogo kuhusu vyombo visivyooshwa likisemwa mapema huishia kwenye kicheko. Likiwekwa akiba hadi mkutano wa kanda, unaokutanisha wilaya kadhaa, humfikia rais wa misheni, kiongozi wetu sote.

5. Taa zizimwe saa nne na nusu usiku, kwa sababu saa kumi na mbili na nusu asubuhi haisogei. Mwenza wangu mmoja alikesha akisoma, kesho yake akasinzia katikati ya somo alilolifundisha yeye mwenyewe, na mwenye nyumba akatuletea mto.