Mishono inayotoa usaha: tuongeze dawa gani?

SWALI: Mbwa jike wote tunaowatoa kizazi hapa kliniki tunawachoma Penstrep (penisilini na streptomaisini) siku tatu na OTC 20% (oksitetrasiklini) mara moja. Hata hivyo, mwezi huu mishono mitatu imetoa usaha, na maabara imejibu kuwa ni stafilokoki sugu. Tuhamie dawa gani yenye nguvu zaidi?
*Msaidizi wa daktari wa mifugo, Arusha*

JIBU: Kabla ya kununua dawa yoyote, kagueni mashine ya kunyolea, meza na mikono yenu.

Stafilokoki ni kundi la bakteria, na kwa mbwa anayesumbua zaidi ni *Staphylococcus pseudintermedius*. Hukaa puani, mdomoni na kuzunguka njia ya haja kubwa ya mbwa mwenye afya, bila kumdhuru. Aina sugu, ambayo wataalamu huiita MRSP, imepata jeni iitwayo mecA. Jeni hiyo humwezesha bakteria kujenga ukuta wake kwa protini ambayo penisilini haiwezi kuishika. Ndiyo maana ukitoka kwenye Penstrep ukaenda sefaleksini, amoksilini-klavulaneti au seftriaksoni, hujahama: dawa hizo ni ukoo mmoja na penisilini, zote zinagonga mlango uliokwisha kubadilishwa kitasa.

Kwa nini sindano za siku tatu hazikuzuia usaha? Kwa sababu bakteria huingia wakati kidonda kiko wazi mezani. Dawa ya kinga husaidia iwapo imeshafika kwenye nyama kabla kisu hakijagusa ngozi. Mkianza kuchoma baada ya kushona, mnaua bakteria wanyonge wa ngozini na kuwaachia nafasi wale sugu. Kutoa kizazi kwa mbwa mwenye afya, kwa muda usiozidi dakika 60 hadi 90, hakuhitaji antibiotiki kabisa. Acheni hizo sindano. Najua mwenye mbwa hupenda kuona sindano, lakini mwelezeni. Operesheni ikiwa ndefu au ya mfupa, daktari atoe antibiotiki ya sefazolini mg 22 kwa kila kilo ya uzito, kwenye mshipa, dakika 30 hadi 60 kabla ya kukata, na airudie kila dakika 90 mpaka mshono wa mwisho. Hapo dawa inakoma.

Sasa kazi yenyewe. Mnyoeni mbwa akiwa ameshalala kwa dawa, tena nje ya chumba cha upasuaji. Msimnyoe asubuhi akingoja zamu. Wembe wa kawaida hukwaruza, na ndani ya mikwaruzo hiyo bakteria huzaliana kwa saa chache tu. Mashine yenye kisu namba 40 inafaa zaidi. Baada ya kila mbwa, piga brashi nywele zitoke, futa kisu kwa spiriti ya 70%, kiache kikauke chenyewe. Kisu kinachopita kwenye kidonda cha mbwa mmoja kisha tumboni mwa mwingine kinatosha kuelezea mishono mitatu.

Meza ioshwe kwanza kwa sabuni, kwa kuwa damu na usaha huua nguvu ya klorini. Kisha jiki ya 3.5%: kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, ambayo ni klorini ya 0.5%. Meza ibaki imelowa dakika 10, halafu ifutwe kwa maji, la sivyo chuma kitaliwa. Changanya mpya kila siku. Usimwage jiki juu ya mkojo. Amonia ya mkojo ikikutana na klorini hutoa gesi inayochoma mapafu.

Chupa ya Savlon, dawa ya kusafishia ngozi, nayo ina mtego wake. Ikiongezewa juu kwa juu kila inapopungua, bakteria kama *Pseudomonas* na *Serratia* huweza kuishi humo humo ndani ya dawa. Hao si stafilokoki wenu, lakini mnaweza kuwa mnampaka mbwa bakteria mkidhani mnamsafisha. Mimina yote, osha chupa, ikaushe, changanya upya. Pamba isilowekwe mtungini siku nzima.

Tena, iambieni maabara kwamba sampuli ni ya mbwa. Maabara ya binadamu huweza kumwita bakteria huyu *Staphylococcus aureus*, kwa kuwa wote wawili hugandisha plazma, kisha ikapima usugu kwa antibiotiki ya sefoksitini. Kipimo hicho humkosa *pseudintermedius* sugu. Ombeni kipimo cha oksasilini.

SWALI: Je, kwa mishono hiyo sugu tunaweza kutumia antibiotiki za vankomisini au meropenemu za hospitali ya watu?
*Daktari wa mifugo, Nakuru*

JIBU: Hapana. Umoja wa Ulaya uliziweka zote mbili, mwaka 2022, katika orodha ya dawa zilizotengwa kwa binadamu tu, na sababu hiyo ina uzito uleule Nakuru. Mara nyingi mshono wa juu juu hauhitaji kidonge: toa nyuzi, fungua, osha kwa maji ya dripu ya chumvi 0.9% kwa sirinji ya ml 20 na sindano namba 18, ukate nyama iliyokufa. Sampuli ichukuliwe baada ya kuosha, kutoka chini kabisa ya kidonda, kwani usaha wa juu huwa umejaa vijidudu vya kupita. Mbwa akiwa na homa au maambukizi yakizama ndani, dawa ichaguliwe kwa majibu ya maabara.

SWALI: Shikamoo daktari. Mbwa wetu ameambiwa ana bakteria sugu kwenye mshono. Nina mtoto wa miaka minne. Nimwondoe mbwa?
*Mama, Mombasa*

JIBU: Marahaba, mama. Usimwondoe. Bakteria huyu wa mbwa humpata binadamu kwa nadra. Kidonda kifunikwe, na anayebadilisha bandeji avae glovu na kunawa kwa sabuni hata baada ya kuzivua. Mtoto asilale na mbwa, wala mbwa asimlambe usoni au kwenye michubuko. Matandiko yake yafuliwe kwa maji ya moto, nyuzi 60, yaanikwe juani. Kama kuna mtu nyumbani aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye kisukari au mwenye kinga dhaifu, asihudumie kidonda hicho. Mbwa akishapona anaweza kubeba bakteria hao kwa miezi kadhaa bila kuumwa. Usikubali apewe antibiotiki ya kumsafisha. Mkirudi kliniki, wajulisheni kwa simu mapema ili wampokee mwisho wa siku.